KUFUNDISHA JUU YA CHAKULA KIGENI: MFANO WA MEZA YA KIAJEMI

Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo mtoto hujifunza kabla hajaanza shule ni kujua kipi ni chakula na kipi si chakula. Elimu hii huipata jikoni kwa mama yake, wala haimo katika muhtasari wowote wa masomo. Aingiapo darasani huwa tayari ana sheria zake: hiki huliwa, kile hakiliwi, hiki ni cha watu wa kawaida, kile ni cha watu wa ajabu. Mwalimu asiyeitambua elimu hiyo ya awali hataelewa kwa nini darasa zima hucheka mtoto mmoja afunguapo kifurushi chake cha chakula wakati wa mapumziko.

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, ambazo zilikuwa wilaya moja kabla ya kugawanywa mwaka 2012, jambo hili laonekana wazi. Huku juu milimani Wamatengo hulima mahindi na maharage katika mashimo ya ngoro, pamoja na kahawa. Kule chini ufukoni, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, watu huvua usipa na mbasa, na ugali wao mara nyingi ni wa muhogo. Mtoto wa mvuvi apelekwapo kwa ndugu zake milimani ili asome huko, huwakuta wenzake wakiziba pua mbele ya usipa wake mkavu. Mtoto wa milimani ashukapo ufukoni, naye huchekwa kwa jinsi anavyosita mbele ya ugali wa muhogo.

Cheko la namna hii huonekana kuwa dogo, lakini matokeo yake si madogo. Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, tulimwona mtoto aliyeacha kabisa kuleta chakula shuleni, akawa anashinda na njaa hadi jioni ili tu asichekwe. Mtoto mwenye njaa hashiki somo, na mtoto mwenye haya hanyoshi mkono. Hivyo basi, suala la chakula cha mwenzetu ni suala la mwalimu wala si la jikoni peke yake.

Walimu wengi hujaribu kuliondoa tatizo hili kwa kukemea: “Msichekane!” Watoto hunyamaza mbele ya mwalimu, kisha wakaendelea nyuma ya darasa. Katika makala haya twapendekeza njia nyingine. Tuanze na chakula cha mbali sana, ambacho hakuna mtoto yeyote darasani aliye mwenyewe. Watoto wajifunze namna ya kukikaribia, kukionja na kukieleza. Baada ya hapo ndipo tuwarudishe kwenye usipa na muhogo, wakiwa wameshapata ustadi wanaouhitaji. Mfano tuliouchagua ni chakula cha Kiajemi.

Kwa nini chakula cha Kiajemi

Huenda mwalimu mwanafunzi akauliza: Je, kanuni yetu si kumtoa mtoto katika lile analolijua na kumpeleka kwenye lile asilolijua? Mbona sasa twaanzia Uajemi? Jibu ni kwamba chakula hiki ni kigeni kwa sura, lakini ndani yake kimejaa mambo ambayo mtoto wa Ruvuma anayajua tayari. Kazi ya mwalimu ni kuyafunua.

Kwanza, yatazamwe maneno. Uajemi ni jina la kale la nchi ambayo serikali yake mwaka 1935 iliyaomba mataifa mengine yaiite Iran. Lugha ya nchi hiyo, Kiajemi, imetupa maneno mengi ya jikoni. Pilau ni neno la Kiajemi. Biriani latokana na neno lenye maana ya kilichochomwa au kukaangwa. Sambusa ni la huko huko, na achari vilevile. Mdalasini watokana na maneno mawili ya Kiajemi, dar chini, yaani “mti wa China”. Nje ya jikoni tunayo bandari, rangi, pamba na serikali. Mtoto wa Mbamba Bay asemapo kwamba meli imefika bandarini, tayari anatumia neno la Kiajemi bila kujua. Baadhi ya maneno haya yaliletwa na mabaharia wa Ghuba. Mengine yalipitia India au Uarabuni kabla ya kutufikia.

Pili, iko historia. Wenyeji wengi wa pwani yetu husimulia kwamba baadhi ya wazee wao walitoka Shirazi. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa Kalenda ya Miladi. Mwaka 2023 jarida la sayansi liitwalo Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, ukaonyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika na ya Kiajemi kwa pamoja. Huko Makunduchi, Unguja, kila mwaka husherehekewa Mwaka Kogwa, sikukuu yenye asili yake katika Nauruzi, mwaka mpya wa Waajemi. Waajemi wenyewe huusherehekea mnamo tarehe 21 Machi. Sikukuu ya Makunduchi sasa huangukia mwezi Julai, kwa kuwa mwaka wake huhesabiwa siku 365 bila kuongeza siku ya mwaka mrefu, na kwa hiyo husogea kidogo kidogo kadiri karne zinavyopita.

Tatu, liko ziwa. Kaskazini mwa Iran kuna Bahari ya Kaspi, ambayo ijapokuwa huitwa bahari imezungukwa na nchi kavu pande zote, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa ziwa kubwa kuliko yote duniani. Katika mikoa ya Gilan na Mazandaran, iliyo kando ya maji hayo, hulimwa mpunga na huvuliwa samaki. Siku ya Nauruzi nyumba nyingi za Kiajemi hupika wali uliochanganywa na majani mabichi, ukaliwa na samaki. Mtoto wa Liuli aambiwapo kwamba wako watu wa ziwa jingine ambao katika sikukuu yao kubwa hula wali na samaki, hahitaji kushawishiwa asikilize. Naye aweza kuwakumbusha wenzake kwamba ncha ya kaskazini ya ziwa letu kuna Kyela, yenye mchele unaojulikana nchi nzima.

Meza ya Kiajemi kwa mgeni

Ili mwalimu awe na picha ya jambo analolifundisha, twaeleza hapa tulivyokula chakula hiki kwa mara ya kwanza. Sisi wakufunzi wawili tulikuwa Dar es Salaam kwa kazi ya chuo, tukaingia katika mkahawa mmoja wa Kiajemi. Orodha ya vyakula ilikuwa na majina tusiyoyajua hata moja, ila pilau. Tukamwuliza mhudumu atushauri.

“Wazee wangu,” akasema, “niambieni kwanza, nyumbani kwenu mnakula nini?”

Tukamjibu kwamba twala ugali, maharage, samaki wa ziwani, na wali siku za sikukuu.

“Basi nitawaletea maharage,” akasema, akaenda zake.

Yafaa mwalimu mwanafunzi auangalie vema mwenendo wa mhudumu huyu. Hakutueleza sifa za chakula chake. Aliuliza tulichokijua, kisha akaanzia hapo. Hivyo ndivyo somo linavyofunguliwa.

Alichotuletea ni mchuzi uitwao ghormeh sabzi, ambao Waajemi wengi huuhesabu kuwa chakula cha heshima cha nyumbani. Hupikwa kwa majani mengi yaliyokatwakatwa na kukaangwa, nyama ya kondoo, maharage mekundu, na ndimu zilizokaushwa nzima nzima. Rangi yake ni kijani iliyokaribia weusi. Ndimu zenyewe zafanana na vijiwe vyeusi, na Waajemi huziita limau za Omani. Tulipoutazama mchuzi ule tulisita. Tulipounusa tulisita zaidi, kwa maana harufu yake ilikuwa ya uchachu na ya majani makavu kwa pamoja. Lakini tulipoonja, tuliyatambua maharage papo hapo, yale yale ya Mbinga, ila yamevaa nguo nyingine. Tangu hapo ugeni ulipungua.

Wali uliletwa katika sinia, mweupe, punje moja moja, na juu yake wali kidogo wa manjano uliotiwa zafarani. Mhudumu alitueleza unavyopikwa. Mchele hulowekwa katika maji ya chumvi, huchemshwa nusu, huchujwa, kisha hurudishwa chunguni pamoja na mafuta. Mfuniko hufungwa kitambaa ili kinyonye mvuke, na wali huivia polepole kwa moto mdogo. Mama wa kwetu apaliaye makaa juu ya mfuniko hutafuta jambo lile lile: wali ukauke bila kuungua.

Kisha likaletwa jambo lililotufurahisha kuliko yote. Katika sahani ya peke yake palikuwa na kipande kikavu cha rangi ya dhahabu, kilichotolewa chini ya chungu. Kwa Kiajemi huitwa tahdig, maana yake “chini ya chungu”. Ni ukoko! Nyumbani kwetu ukoko hugombewa na watoto jikoni. Kwa Waajemi huletwa mezani kwa heshima, na mgeni hupewa kipande kizuri. Kitu kile kile kwa watu hawa ni masalio, na kwa watu wale ni tunu.

Vilikuwapo na vyakula vingine. Kuku aliyepikwa katika jozi zilizotwangwa na maji ya komamanga, aitwaye fesenjan, alikuwa na mchuzi mzito wa rangi ya udongo, wenye utamu na uchachu pamoja. Aliyezoea mboga zilizoungwa kwa karanga zilizotwangwa hatashindwa kuuelewa mchuzi huo. Nyama iliyochomwa kwenye vijiti vya chuma iliandamana na nyanya zilizochomwa. Watu walikula kwa kijiko na uma, bila kisu.

Kinywaji chao kiitwacho dugh ni maziwa ya mgando yaliyochanganywa na maji, chumvi na nanaa. Sisi tumezoea mtindi mtupu au wenye sukari, na kwa hiyo chumvi ile haikutupendeza. Mhudumu alipouliza tulimwambia, “Hiki hatujakizoea, ndugu yetu, lakini tumefurahi kukijua.” Hakuchukia. Hapa pana funzo muhimu: anayeonja chakula kigeni halazimiki kukipenda. Analazimika kukiheshimu, pamoja na aliyekipika.

Mwishoni ililetwa chai ya rangi katika bilauri ndogo. Waajemi wengi huishika donge la sukari kwa meno, kisha wakanywa chai ikipita juu yake. Mwalimu wa Mbinga, palipo na kahawa kila mlima, aweza kuwaambia wanafunzi wake jambo hili: huko Iran nyumba za kunywea hadi leo huitwa “nyumba za kahawa”, lakini kinywaji kinachotolewa humo zaidi ni chai.

Andalio la somo

Andalio lifuatalo ni la Darasa la Tano, somo la Kiswahili, vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana. Mwalimu aweza kulibadili kulingana na darasa lake.

Shabaha: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze (a) kutaja maneno manne ya Kiswahili yaliyotoka Kiajemi, (b) kuuliza na kujibu juu ya chakula asichokijua kwa lugha ya adabu, (c) kueleza ladha kwa maneno yasiyopungua matatu, bila kutumia “kizuri” wala “kibaya”.

Zana: Ramani ya dunia au mchoro wake ubaoni, sufuria ndogo ya wali ulioachwa ushike ukoko, kikombe cha maharage yaliyochemshwa, ndimu mbili, majani machache ya giligilani, vijiko safi, maji ya kunawa na sabuni. Nusu kilo ya mchele yatosha, kwa kuwa shabaha ni kuonja, si kushiba.

Hatua ya kwanza: Kuamsha mawazo (dakika 10). Mwalimu aandike ubaoni: pilau, sambusa, bandari, rangi. Aulize: “Maneno haya ni ya nani?” Watoto watajibu kwamba ni ya Kiswahili. Mwalimu akubali, kisha aongeze kwamba yalikuwa ya watu wengine pia kabla ya kuwa yetu. Asiwaharakishe; mshangao wa mtoto ni mlango wa somo.

Hatua ya pili: Ramani na maelezo (dakika 15). Mwalimu aonyeshe Ziwa Nyasa, Unguja, Ghuba, kisha Bahari ya Kaspi. Achore safu mbili ubaoni, moja iitwe KWETU, nyingine KWAO. Kila aelezapo jambo la Kiajemi, watoto watafute lililo karibu nalo. Ukoko hukaa mkabala na tahdig; maharage ya kuungwa mkabala na ghormeh sabzi; mboga ya karanga mkabala na kuku wa jozi; mtindi mkabala na dugh. Ni watoto wanaojaza safu ya KWETU, si mwalimu.

Hatua ya tatu: Mkahawa wa darasani (dakika 25). Hatuwezi kuwapeleka watoto mkahawani, bali twaweza kuuleta mkahawa darasani kwa mchezo wa kuigiza. Madawati mawili yawe meza. Mtoto mmoja awe mhudumu, wawili wawe wageni. Mazungumzo yaweza kuanza hivi:

Mhudumu: Karibuni, wageni. Mmetoka mbali?
Mgeni: Ahsante. Tumetoka Mbinga. Chakula hiki kimepikwa kwa vitu gani?
Mhudumu: Kimepikwa kwa maharage, majani na ndimu kavu.
Mgeni: Kwetu maharage huungwa kwa kitunguu. Tutaonja kidogo kwanza.
Mhudumu: Mwaonaje?
Mgeni: Kina uchachu, na maharage yake ni laini.

Kila kundi lipewe zamu. Baada ya kula, mgeni amshukuru mpishi kwa maneno ambayo Waajemi humwambia aliyewatendea wema kwa mikono yake: “Mkono wako usiume.” Tumeona watoto wakiyapenda maneno haya, na wengine wakenda kuyasema nyumbani kwa mama zao.

Hatua ya nne: Kuonja na kueleza (dakika 20). Watoto wanawe mikono. Kila mmoja apate kipande kidogo cha ukoko na maharage machache yaliyotiwa ndimu na majani. Kabla ya kuonja, watazame, kisha wanuse, kisha waonje, na katika kila hatua waseme neno moja. Mwalimu ayaandike maneno hayo ubaoni kama yanavyotoka vinywani mwao.

Hatua ya tano: Kuandika (dakika 10). Kila mtoto aandike sentensi tatu kumweleza ndugu ambaye hakuwapo: chakula kilikuwa na sura gani, harufu gani, na ladha gani.

Maneno ya ladha

Hatua ya nne huwashinda walimu wengi, kwa sababu watoto husema “kitamu” au “kibaya”, kisha wakanyamaza. Neno “kibaya” halielezi chakula. Laeleza hasira ya anayelisema. Lugha yetu si maskini. Mwalimu na awe na maneno haya tayari: tamu, chungu, kali, chachu, chapwa, yaani kisicho na chumvi wala ladha, ukakasi, kama wa ndizi mbichi au zambarau ambayo haijaiva, na ladha ya chumvi nyingi. Kwa hali ya chakula mdomoni ayatumie maneno kama laini, kigumu, kikavu, kizito, chepesi, cha kuteleza, cha kumumunyuka. Kwa harufu aseme ya moshi, ya majani, ya samaki, ya kuungua, ya viungo.

Mtoto aliyepata neno “ukakasi” hana tena haja ya kusema “kibaya”. Amepewa chombo cha kusemea kweli bila kumwumiza mtu. Hii ndiyo faida kuu ya somo hili, nayo ni faida ya lugha na ya tabia kwa pamoja.

Kurudi nyumbani

Somo la kwanza lisipofuatiwa na la pili, litakuwa mchezo tu. Baada ya wiki moja mwalimu arudie mkahawa ule ule, lakini safari hii mezani pawe na chakula cha wilaya. Watoto wenye asili ya ufukoni wawe wahudumu wa usipa na ugali wa muhogo. Watoto wa milimani wawe wageni. Kisha wabadilishane, wa milimani wahudumie chakula chao.

Mhudumu hana budi kujua anachokihudumia. Hivyo watoto waulize wazee wao nyumbani. Watarudi na maarifa mengi: jinsi usipa unavyoanikwa juani ukauke bila kuoza, jinsi muhogo mchungu unavyolowekwa na kukaushwa ili sumu yake itoke, jambo ambalo mababu walilijua kabla ya wanasayansi kuipa sumu hiyo jina la sianidi, jinsi ngoro zinavyoshika maji ya mvua na kuzuia udongo wa mlimani usichukuliwe. Mwalimu aweza kuongeza kwamba usipa, kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake midogo, huupa mwili madini ya kujenga mifupa na meno.

Wageni nao hufuata kanuni tatu walizojifunza kwenye meza ya Kiajemi: uliza kabla ya kuhukumu, onja kidogo, sema kilivyo, usiseme thamani yake. Mtoto aliyeweza kuzifuata kanuni hizi mbele ya ndimu nyeusi za Omani hatashindwa kuzifuata mbele ya samaki wa jirani yake. Na yule aliyekuwa akificha kifurushi chake hujikuta amesimama mbele ya darasa akiwa mjuzi, na wenzake wakimwuliza maswali.

Tahadhari

Kwanza, mwalimu asisahau njaa. Katika darasa letu huenda wakawamo watoto waliokuja bila kula. Somo la kuonja lisiwekwe mwisho wa siku, na chakula kigawanywe sawa kwa wote.

Pili, dini na miiko viheshimiwe. Asifundishe somo hili mchana wa Ramadhani mahali palipo na watoto wanaofunga, wala asitumie nyama. Mtoto anayesema kwamba chakula fulani ni mwiko kwao asilazimishwe. Akaribishwe aeleze mwiko huo, kwa maana maelezo yake nayo ni elimu.

Tatu, afya. Mwalimu awaulize wazazi mapema kama yuko mtoto anayedhuriwa na chakula fulani. Karanga na jozi zisionjwe darasani, kuzitaja kwatosha. Mikono, vijiko na maji viwe safi.

Nne, mwalimu asiitukuze meza ya mkahawani hata watoto wakadharau ya nyumbani. Zafarani ni ghali kwa sababu kilo moja yake hutaka maua zaidi ya laki moja, na kila ua huchumwa kwa mkono. Ughali huo ni wa kazi. Haumaanishi kwamba binzari ya mama ni duni.

Mwalimu mwenyewe

Ndugu mwalimu mwanafunzi, mengi tuliyoyasema juu ya mtoto yakuhusu wewe pia. Ukihitimu huenda ukapangiwa shule usiyoichagua. Aliyezaliwa Mbinga huenda akafundisha Kigoma, Mtwara au Mara. Aliyetoka Moshi huenda akafundisha Lituhi. Katika wiki ya kwanza utakaribishwa chakula, na kijiji kizima kitajua jinsi ulivyoketi mezani. Mwalimu anayekunja uso mbele ya ugali wa muhogo huwa amewaambia wazazi jambo ambalo hotuba kumi hazitalifuta.

Yapo mambo ambayo dini au afya yako haikuruhusu kuyala. Hayo yaseme wazi na kwa heshima: “Nashukuru sana, mama. Chakula hiki mimi hunidhuru, lakini naomba mboga hii na maji.” Wenyeji huelewa mwiko na huelewa ugonjwa, dharau nayo huitambua hata usiposema neno. Vingine vyote vionje. Uliza vinavyopikwa. Tafuta ndani yake kitu ukijuacho. Ukikikosa, tafuta neno la kukielezea.

Kazi za kufanya

1. Chagua chakula kimoja cha mahali ulipozaliwa ambacho wenzako chuoni hawakijui. Kiandikie maelezo ya nusu ukurasa bila kutumia maneno “kizuri”, “kitamu” wala “kibaya”.

2. Tengeneza safu mbili, KWETU na KWAO, kwa kulinganisha chakula cha mkoa wako na cha mkoa wa mwenzako. Kila safu iwe na mambo sita.

3. Andaa somo la pili lililoelezwa chini ya “Kurudi nyumbani” kwa shule utakayokwenda kufanyia mazoezi ya kufundisha. Onyesha jinsi utakavyompa nafasi mtoto aliye peke yake katika kabila au dini yake darasani.

4. Jadilini katika vikundi: Je, mwalimu afanye nini mtoto akikataa kabisa kuonja? Toeni sababu kwa kila jibu.